Siku mbili za mwanzo hudanganya: kuipima Galaxy A15 kwa wiki nzima

Mnunuzi wa simu mpya huwa na hukumu tayari kabla hata ya siku ya tatu: chaji inaisha mapema, mgongo unapata joto, labda nimeuziwa feki. Ana haraka. Simu ikishaingizwa akaunti ya Google huanza kazi nyingi kimyakimya. Inashusha masasisho ya programu zote zilizokuja nayo, inarudisha nakala ya WhatsApp, inazipanga picha za miaka yote kwa sura na mahali, na Android inazitayarisha upya programu ziendane na prosesa (ubongo wa simu) iliyomo. Yote hayo yanakula chaji na bando kwa pamoja. Namba yoyote ya betri iliyochukuliwa kabla ya siku ya tatu itupwe.

Upande wa pili, kuna mambo ambayo dukani yanapendeza na ifikapo siku ya nne yanaanza kukera. Ndiyo maana wiki moja ni kipimo kizuri kwa simu ya bei ya kati. Simu za daraja hili zinafanana mno kwenye karatasi: betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), kamera ya megapikseli 50, skrini ya inchi 6 na nusu. Zinapoachana ni kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi, ambamo programu zilizofunguliwa hukaa), mtandao na namna zinavyochaji, na hayo matatu huwezi kuyaona umesimama kwenye kaunta ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huku muuzaji akikuhimiza.

Mfano wetu ni Samsung Galaxy A15 ya 4G, iliyotangazwa Desemba 2023. Prosesa yake ni MediaTek Helio G99, skrini ni Super AMOLED ya inchi 6.5 inayochora picha upya mara 90 kwa sekunde, uzito ni gramu 200, na bado ina tundu la hedifoni la milimita 3.5. Ipo pia ya 5G yenye prosesa nyingine, Dimensity 6100+. Kwa nje zinafanana kiasi kwamba usiposoma namba ya modeli unaweza kulipia moja ukabeba nyingine: ya 4G huanza na SM-A155, ya 5G huanza na SM-A156.

Kabla ya kutoka dukani

Piga *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kisha ilinganishe na iliyo kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume IMEI hiyo kwa meseji kwenda 15090, nayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, itakujibu aina na modeli ya simu inayoitambua. Ikikujibu modeli tofauti na uliyoishika, irudishe hapo hapo. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na tangu hapo kununua bila kuhakiki ni kujitafutia hasara.

Halafu piga *#0*#. Simu nyingi za Samsung hufungua ukurasa wa majaribio wenye vitufe vya rangi nyekundu, kijani na buluu, vya mguso, spika, mtetemo na vihisi. Kwenye rangi tatu tafuta nukta iliyokufa. Kwenye mguso pitisha kidole kila kona hadi visanduku vyote vibadilike rangi, kwa sababu kioo kilichobadilishwa na fundi mara nyingi huacha ukanda usiosikia karibu na ukingo. Hii inachukua dakika tatu, na muuzaji mwenye mali safi hatakasirika.

Angalia na boksi. Katika masoko mengi A15 huja na waya tu, bila kichwa cha chaji. Waya wenyewe ni wa USB-C pande zote mbili, hivyo kile kichwa chako cha zamani chenye mdomo mpana hakitaupokea.

RAM ndiyo roho ya wiki

A15 inauzwa ikiwa na RAM ya GB 4, 6 au 8, na hapa ndipo bei inapotega. Ya GB 4 dukani inateleza vizuri tu, kwa sababu haina kitu ndani. Nyumbani mfumo wenyewe na huduma za Google huchukua karibu nusu yake, kisha zinakuja WhatsApp, Facebook, TikTok, programu ya benki, ya M-Pesa, kibodi na ramani. Kumbukumbu ikibana, Android huanza kuziua programu zilizo nyuma, ikianzia na ile uliyoiacha muda mrefu.

Namna ya kupima: fungua WhatsApp, andika nusu ya ujumbe usiutume. Fungua programu ya benki, kisha ramani, kisha kivinjari chenye kurasa nne, kisha kamera na upige picha kumi mfululizo. Sasa rudi nyuma moja baada ya nyingine. Ukurasa wa kivinjari ukijipakia upya, hilo linavumilika. WhatsApp ikianza upya kutoka kwenye nembo yake, RAM ni ndogo kwa matumizi yako.

Linaloumiza zaidi ni muamala. Umejaza namba ya mpokeaji, umejaza kiasi, benki inatuma msimbo kwa meseji, unatoka kwenda kuusoma. Ukirudi, programu imejifunga na inadai nenosiri upya, na msimbo wa kwanza haufai tena. Watu hulaumu benki au mtandao. Benki nyingine kweli hufunga makusudi kwa usalama, kwa hiyo rudia jaribio mara tu baada ya kuwasha simu upya, kukiwa hakuna kingine kilichofunguliwa. Ikikaa vizuri wakati huo na kufa baadaye simu ikiwa na shughuli nyingi, mwenye kosa ni RAM.

Dawa zipo mbili. Kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, gusa ikoni ya programu juu ya kadi yake na uchague ibaki wazi. Ya pili iko ndani ya mipangilio ya betri, kwenye vikomo vya matumizi ya nyuma: kuna orodha ya programu zisizolala kamwe, na ndipo ziingizwe zile unazotegemea arifa zake. Dereva wa Bolt asipofanya hivyo, oda zitakuja akiwa ameshapitwa.

Na ile RAM ya ziada inayotangazwa kwa herufi kubwa? Samsung huiita RAM Plus, wengine wana majina yao. Ni sehemu ya hifadhi inayokopeshwa ifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali. Inasaidia programu isife, haisaidii ifunguke haraka. Muuzaji akikuambia GB 4 jumlisha 4 ni 8, mkubalie kwa adabu na ulipie bei ya 4. Kwa pesa yangu, tofauti ya kutoka GB 4 kwenda 6 ina thamani kuliko kamera yoyote ya ziada iliyo mgongoni.

Mtandao: vijiti havitoshi

Vijiti vya mtandao juu ya skrini kila kampuni huvichora kwa vigezo vyake, hivyo kulinganisha vijiti vya simu mbili ni kazi bure. Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, kisha taarifa za hali na hali ya laini. Utaona namba hasi yenye dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa 4G, karibu na -80 ni nzuri sana, -100 ni ya wastani, na ukishuka kufikia -115 tarajia video kukwama na simu kukatika. Chukua laini ileile, iweke kwenye simu ya zamani, kaa kwenye kiti kilekile, usome tena. Tofauti ya dBm mbili tatu haina maana. Tofauti ya kumi inayojirudia mahali pengi inamaanisha antena ya moja kati ya hizo ni dhaifu, au kava lako lina chuma au sumaku.

Kuna pia suala la bendi, yaani masafa ya redio ambayo simu inayasikia. Masafa ya chini kama MHz 700 na 800 hupenya kuta na kufika mbali. MHz 1800 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Safaricom, kwa mfano, hutumia 800 na 1800 kwa 4G. Simu iliyotengenezwa kwa soko la bara lingine inaweza kukosa bendi ya chini ya mtandao wako, ikawa na 4G safi barabarani na ikapoteza kila kitu ukiingia chumba cha ndani. Kwa hiyo jaribio la mtandao lifanyike jikoni, bafuni, na ghorofa ya chini ya jengo la zege. Kibarazani kila simu ni hodari.

Jaribio la tatu ni la kupiga. Piga simu ukiwa kwenye 4G na uitazame alama iliyo juu. Ikibaki 4G, sauti yako inapita kwenye mtandao huohuo na data inaendelea. Ikigeuka 3G, H au E, simu imeshushwa kwenye mtandao wa zamani ili ikupigie, na mtu aliyeunganishwa na hotspoti yako atalalamika. Mara nyingine ni swichi tu ya kuwasha simu za sauti kupitia 4G ndani ya mipangilio ya mitandao; mara nyingine kampuni ya simu haijaifungulia modeli hiyo, na hakuna utakachogusa kitakachosaidia.

Ukiwa bado kwenye kupiga, jaribu kusikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukiwa umeweka simu sikioni. Simu nyingi za daraja hili, A15 ikiwemo, hazina kihisi halisi cha ukaribu, kile kinachozima skrini simu ikifika sikioni. Hukisia kwa kuunganisha vihisi vingine. Kukisia huko kukikosea, skrini huwaka shavuni na shavu hubonyeza kitufe cha kukata. Kioo cha kinga kilichobandikwa vibaya juu huongeza tatizo, kwa hiyo jaribu kwanza bila protekta.

Chaji na betri

Betri ya mAh 5000 hubeba takribani saa-wati 19 za nishati. Ukiijua namba hiyo, mengine unapiga hesabu mwenyewe. Chaja ya zamani ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10. Ukitoa kinachopotea kwa joto na ule mwendo wa pole wa asilimia 20 za mwisho, utakaa karibu saa tatu. Pawabenki ya mAh 10000 ina saa-wati 37, lakini baada ya upotevu wa kubadilisha volti itaijaza A15 mara moja na nusu, wala si mara mbili kama watu wanavyotarajia.

A15 inapokea hadi wati 25, ila kwa sharti: kichwa cha chaji kiwe cha USB PD (kanuni ya kuchaji haraka kupitia USB-C) chenye PPS, yaani uwezo wa kupandisha na kushusha volti kidogo kidogo kadiri simu inavyoomba. Chaja zilizoandikwa wati 45 au 65 kwa herufi za dhahabu kwenye meza za barabarani nyingi hazina PPS, na simu inashuka hadi wati 15 au 10. Usisome maandishi ya chaja, soma ya simu: ukichomeka, skrini iliyofungwa hutofautisha kuchaji kwa kawaida, kuchaji haraka na kuchaji haraka sana. Ya tatu ndiyo wati 25. Pima muda skrini ikiwa imezimwa, maana ikiwaka kasi hupungua. Kutoka sifuri hadi kujaa, saa moja na nusu hivi ni sawa.

Kwa matumizi ya kila siku, anza kuhesabu siku ya tatu. Ijaze, itumie kama kawaida hadi asilimia 20, kisha fungua mipangilio ya betri usome muda skrini iliowaka. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwani kuna chaji inayoondoka simu ikiwa mfukoni. Kwa hilo kuna jaribio la usiku, nalo ndilo ninaloliamini kuliko yote. Usiku wa kwanza iache ikiwa na laini zote mbili na data, uandike asilimia wakati wa kulala na wa kuamka. Usiku wa pili fanya hivyohivyo ikiwa kwenye hali ya ndegeni.

Ukipoteza asilimia 3 hadi 5 usiku wa kwanza na 1 au 2 wa pili, simu ni nzima. Ukipoteza 12 wa kwanza na 2 wa pili, betri haina kosa, mtandao unaisumbua. Mnara ukiwa mbali, redio ya simu hupandisha nguvu ya kurusha hadi miliwati 200 na kuhangaika usiku kucha, na laini ya pili isiyo na mtandao mzuri hapo nyumbani huifanya kazi iwe maradufu. Izime laini hiyo usiku uone. Ukipoteza nyingi hata kwenye hali ya ndegeni, kuna programu haijalala, na orodha ya matumizi ya betri itaitaja kwa jina. Isipotaja yoyote, hapo sasa ishuku betri.

Joto nalo lina hesabu yake. Samsung wenyewe husema kifaa kitumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kivulini tu umeshakaribia mpaka huo, na simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda saa saba mchana, ramani ikiwa wazi na waya wa chaji umechomekwa, imeshauvuka. Itafifisha skrini na kusitisha kuchaji. Hiyo ni kinga, haina haja ya kwenda kwa fundi. Ichomoe chaji kwanza kabla ya kulaumu chochote. Kwa dereva kuna jambo jingine la kufurahisha: Apple walionya mwaka 2021 kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera zenye kitulizi cha macho, yaani lenzi inayosogea ili kutuliza mtikisiko wa mkono, na A15 haina kitulizi hicho kabisa.

Skrini na sauti

Skrini ndiyo sehemu ambayo A15 inaishinda bei yake. Weusi ni weusi kweli, maandishi ni makali. Juani mwangaza hufika niti 800 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), ila kilele hicho kinapatikana ukiacha mwangaza wa kujirekebisha ukiwa umewashwa. Aliyeuzima kwa ajili ya kuokoa chaji ndiye anayelalamika kwamba mchana haoni. Spika ni moja tu, chini. Ukiishika simu kwa mlalo kutazama mpira, kiganja kinaiziba.

Kamera

Megapikseli 50 ni za tangazo. Kwa kawaida kamera huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12 na ushei, na hiyo ndiyo picha bora zaidi, hasa mwanga ukipungua. Ya pembe pana ni megapikseli 5, itumie mchana tu. Ya makro ya megapikseli 2 imewekwa kujaza nafasi. Ukitaka kupiga kitu kidogo, rudi nyuma kidogo na kamera kuu kisha ukate picha.

Jaribio zuri ni kanga. Itundike kwenye kamba, simama mita tatu, piga mchana kivulini na piga tena usiku kwa taa ya ndani. Kuza sehemu ya jina. Mchana herufi ziwe na kingo safi kutoka mwanzo hadi mwisho wa sentensi. Zikiwa safi katikati na ukungu pembeni upande mmoja tu, lenzi imekaa upande, dai ubadilishiwe. Usiku tazama nyekundu: kamera dhaifu huigeuza chungwa au kuijaza chembechembe. Kisha mpige mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa mbele ya ukuta mweupe wenye jua. Uso ukiwa kivuli kitupu, gusa uso kwenye skrini na uburute alama ya mwangaza juu. Usipokubali hata hapo, hicho ndicho kikomo cha kamera. Kwa kuwa haina kitulizi cha macho, mtoto anayekimbia sebuleni usiku atatoka na ukungu, na hakuna mpangilio utakaolibadilisha hilo. Video ni 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, basi.

Hifadhi na kidole

Katika GB 128, mfumo huchukua zaidi ya GB 20 kabla hujaweka chochote. Makundi ya WhatsApp yatakula nyingine, hivyo siku ya kwanza zima kujipakua kwa video. Usiache nafasi tupu ishuke chini ya asilimia 10 hadi 15: hifadhi ikijaa, simu hulazimika kufuta na kuhamisha vipande kabla ya kuandika kipya, na hapo ndipo kuganda kunapoanza. Memori kadi inakubalika hadi TB 1, lakini inakaa kwenye nafasi ya laini ya pili. Mwenye laini mbili ajihesabie hana kadi, achukue ya GB 256.

Kitambuzi cha kidole kiko kwenye kitufe cha kuwashia. Mafundi ujenzi, wakulima na wafuaji nguo hupata tabu kwa kuwa mistari ya vidole imesuguliwa. Sajili kidole kilekile mara mbili kama vidole viwili tofauti, mara moja kikiwa kikavu na mara moja baada ya kunawa na kufuta. Kosa hupungua sana.

Umri wa programu

Samsung waliiahidi A15 matoleo 4 ya Android juu ya lile la 14 ililozaliwa nalo, na viraka vya usalama (masasisho ya kuziba mianya) kwa miaka 5. Kwa bei hii ni ahadi nono. Ila saa ilianza kuhesabu ilipotoka, Desemba 2023, haikusubiri siku uliyoinunua wewe. Anayeinunua 2026 ameshapoteza karibu nusu ya umri huo, na bei anayopewa inapaswa ionekane imeshuka kwa kiasi hicho. Tarehe ya kiraka cha mwisho ipo kwenye Kuhusu simu, taarifa za programu. Ikiwa nyuma kwa zaidi ya miezi sita na simu inasema hakuna sasisho, huenda ilitengenezwa kwa soko jingine.

Ukiamua kuirudisha, usingoje siku ya mwisho waliyokupa dukani. Hamisha nakala zako, kisha toa akaunti ya Google na ya Samsung ndani ya mipangilio, na ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukiifuta kwa kubonyeza vitufe vya nje huku akaunti ikiwa bado ndani, itawaka na kudai nenosiri lako la Google, na muuzaji atakuwa na haki ya kukataa kuipokea.